Maoni yangu kuhusu neti za dawa mbili (zile ambazo mbu hafi hapo hapo)

Jamani nimeona niandike kuhusu hizi neti mpya za dawa mbili, yaani ile ya zamani na ya pili iitwayo klorfenapiri, maana kila nikikaa na wenzangu huku Misungwi, Mwanza, nasikia zinalaumiwa, na lawama yenyewe ni ile ile, eti mbu hawafi. Mimi nalala kwenye hiyo neti, wanangu wanalala kwenye hiyo neti, na tafiti zake nimezisoma karibu zote kwa sababu ile kubwa kabisa imefanyika hapa hapa wilayani kwetu, kwa hiyo naomba unisome kwanza kabla hujaishusha ukaenda kuzungushia bustani ya mchicha.

Kwa mwenye haraka: dawa yake naipa tano kati ya tano bila kusita, kitambaa nakipa mbili na nusu, na maelekezo tunayopewa siku ya kugawiwa nayapa moja. Neti niliyonayo sitaitaja jina, sa hivi ziko za kampuni zaidi ya moja, cha muhimu ni dawa iliyomo.

Tuanze na hilo la mbu hafi. Ni kweli, hafi hapo hapo. Usiku washa tochi ya simu umulike neti kwa ndani, utamkuta katua kwenye kona karibu na mto wa kulalia, kainua makalio juu kama wanavyokaa anofelesi, yaani mbu wa malaria, anatembea tembea kwenye vitundu anatafuta pa kupitishia mdomo, akishindwa anaruka anaenda zake ukutani. Enzi zile neti za kawaida dawa ikiwa bado inawaweza ulikuwa unamuona anaanguka pale pale miguu juu, asubuhi unafagia. Huyu wa leo anaondoka mzima, na mtu akishaona hivyo anasema humu dawa hamna. Sasa mfuatilie huyo huyo aliyeenda ukutani, kesho yake utamkuta kazubaa, ukimgusa na ufagio haruki anajikokota tu, na akishafika hapo harudi tena kuuma mtu. Dawa inaweza kuchukua mpaka saa 72 kummaliza, yaani siku 3, na kwa mambo ya malaria siku 3 zinatosha kabisa kwa sababu vijidudu vya malaria vikiingia kwa mbu leo vinahitaji kama siku 10 au zaidi ndo vifike kwenye mate yake aweze kumwambukiza mtu mwingine. Mbu akifa kabla ya hapo kafa na vijidudu vyake. Na hata yule ambaye tayari alikuwa navyo, hapati nafasi ya kwenda nyumba ya pili na ya tatu.

Mtu atauliza kwa nini wasiendelee na ile dawa ya kuangusha hapo hapo. Kwa sababu imechoka. Kwa miaka mingi dawa ya kwenye neti zote ilikuwa ya jamii moja tu, wanaziita pairethroidi, ambazo ni nakala za kiwandani za ile sumu ya maua ya pareto, pareto hii hii inayolimwa Iringa na Mbeya na kule Kenya. Zinavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu anaanza kutetemeka anaanguka, na kwa binadamu hazina madhara makubwa zikiwekwa kwa kipimo cha neti, ndo maana zikapendwa. Na zimefanya kazi kubwa, hilo lazima lisemwe, watafiti waliopiga hesabu ya Afrika kuanzia 2000 mpaka 2015 walikadiria kwamba maambukizi ya malaria yenye homa milioni 663 yaliepukika na asilimia 68 ya kazi hiyo ilifanywa na neti. Ila dawa jamii moja, kila nyumba, kila usiku, afu ndugu zake zinapigwa kwenye pamba na nyanya na kabichi, mbu waliobaki ni wale walioweza kuhimili, na hao ndo waliozaana. Huku kwetu mbu mkuu wa malaria ni Anopheles funestus, na huyu mwilini mwake ana vimeng'enya (enzaimu) vingi vya kuivunja vunja pairethroidi kabla haijamdhuru.

Hapo ndo ilipo raha ya hii neti. Ile dawa ya zamani bado wameiweka, ila wameongeza ya pili inaitwa klorfenapiri, na hii ikiwa pale kwenye kitambaa yenyewe haina ukali wa maana. Mbu anaikanyaga, inaingia mwilini, halafu mwili wake unafanya ulichozoea kufanya, vile vimeng'enya vinaivamia ili viivunje, na vikishakata kipande kimoja cha molekuli kinachobaki ndo sumu yenyewe. Hiyo sumu inaenda kwenye mitokondria, kule seli inakotengenezea nguvu, inavuruga utengenezaji wa ATP, ambayo ndo nguvu yenyewe ya seli, na mbu anaishiwa nguvu taratibu mpaka anakufa. Umeona sasa? Yule mbu sugu, mwenye vimeng'enya vingi kuliko wenzake, ndo anajipikia sumu vizuri zaidi. Mimi kila nikiisoma hii sehemu nafurahi upya kabisa, watu walikaa wakafikiri. Na chimbuko lake ni udongoni, wanakemia wa American Cyanamid kule Marekani walianzia kwenye kemikali ya asili inayotengenezwa na bakteria wa udongo jamii ya Streptomyces, wakaibadilisha badilisha mpaka wakapata hii, ikatumika miaka mingi kwenye kilimo na kuulia mchwa kabla haijafika kwenye neti.

Na nusura ionekane haifai. Kipimo cha kawaida cha neti maabara ni kuwaweka mbu chini ya koni ya plastiki juu ya kitambaa kwa dakika 3, mchana, halafu unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Ukiipima klorfenapiri hivyo inaonekana dhaifu, kwa sababu mchana mbu wa malaria amepumzika, mwili wake haufanyi kazi kwa kasi ya kuibadilisha hiyo dawa, na saa 24 ni mapema mno. Walipowapima usiku, mbu wakiwa wanahangaika kumtafuta wa kumnyonya, na wakasubiri mpaka saa 72, picha ikabadilika kabisa. Kwa hiyo jirani yangu anayesema "dada hiyo neti yenu mbu wanatembelea tu" simlaumu hata kidogo, anaangalia kile kile walichokuwa wanaangalia wataalamu na anakiangalia mapema kama walivyokuwa wanakiangalia wao.

Sasa matokeo ya watu wenyewe, sio ya maabara. Januari 2019 vijiji 72 vya Misungwi viligawiwa neti za aina nne, sehemu nyingine wakapewa ya kawaida ya dawa moja, wengine Olyset Plus, wengine Royal Guard, wengine Interceptor G2 ambayo ndo ya klorfenapiri, iliyotengenezwa na BASF. Kazi ilifanywa na NIMR Mwanza (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), chuo kikuu cha KCMC cha Moshi, London School of Hygiene and Tropical Medicine na Chuo Kikuu cha Ottawa, na mwandishi wa kwanza wa ripoti ni Dk. Jacklin Mosha wa NIMR hapo Mwanza, ikatoka kwenye jarida la Lancet 2022. Walipima watoto wa miezi 6 mpaka miaka 14. Baada ya miaka 2, vijiji vya neti ya kawaida asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa walikuwa na malaria. Vya klorfenapiri asilimia 25.6. Soma tena hizo namba, kwa wale wa neti ya kawaida ni karibu nusu ya darasa, kwa wale wa klorfenapiri ni robo. Na ukihesabu watoto waliokuwa wanaugua, kwa hiyo miaka 2 walikuwa pungufu kwa asilimia 44 kulinganisha na neti ya kawaida. Hii ni Misungwi, vumbi letu, majaruba yetu ya mpunga, malambo yetu, sio takwimu za kuletewa, ndo maana nashangaa tukiwa sisi wa kwanza kuikataa.

Zile nyingine mbili je? Olyset Plus ina PBO, ambayo yenyewe sio ya kuua, kazi yake ni kuvifunga vile vimeng'enya ili dawa ya kawaida ipite. Muleba kule Kagera ilishafanya vizuri kwenye utafiti uliotoka 2018 na kwa Misungwi mwaka wa kwanza ilisaidia, ila baada ya miaka 2 watoto wenye malaria walikuwa wamefika asilimia 40.7. Royal Guard ina pairiproksifeni inayomharibu mbu uzazi asitage mayai ya maana, wazo zuri sana kwenye karatasi, ikaishia asilimia 37.5 na kitakwimu haikuonekana kuizidi ile ya kawaida. Benin nao wakarudia majaribio, ripoti ikatoka 2023, klorfenapiri ikapunguza wagonjwa kwa asilimia 46, yaani nchi nyingine, mbu wengine, jibu karibu lile lile. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza rasmi badala ya neti za pairethroidi peke yake kwenye maeneo yenye mbu sugu. Kwangu mimi hilo lilimaliza ubishi wa dawa.

Kitambaa sasa, na hapa nitasema bila kupepesa macho. Neti hizi zinagawiwa kwa hesabu kwamba zitakaa miaka 3. Hazikai. Hizo hizo za Misungwi walizifuatilia, wakahesabu matundu, wakaangalia ngapi bado ziko kitandani, na kwa aina zote nne nusu ya neti zilikuwa zimeshatoka kwenye matumizi ya maana kabla ya miaka 3 kufika, na mwaka wa tatu waliokuwa bado wanalalia neti za utafiti walikuwa wachache sana. Yangu ilianza kuachia pale chini ambapo unachomekea kwenye godoro, ukingo wa kitanda chetu ni mbao isiyopigwa randa vizuri, na kuna kichwa cha msumari kimetokeza, kila ukichomeka kinakamata uzi mmoja, mwanzo ni tundu la kupitisha punje ya mtama, baada ya kufua mara kadhaa linapita dole gumba, baadae mkono. Vitanda vya wengi wetu viko hivyo. Anayetengeneza neti anajua inakwenda kulalia kitanda gani, na sehemu ya chini ndo inayovutwa kila usiku na kila asubuhi, kwa nini isiwe na kitambaa kizito zaidi au pindo la kushonwa mara mbili? Dawa ya akili nyingi namna ile imewekwa kwenye kitambaa kinachoshindwa na msumari, inaniuma kweli. Ushauri wangu ni kugonga misumari yote na kupitisha msasa kabla hujaitundika, ukikosa msasa zungushia tambara kwenye mbao, na tundu likitokea lishone siku hiyo hiyo kwa sindano na uzi wa kawaida. Neti ya dawa yenye vitundu vichache bado inaua, tofauti na isiyo na dawa ambayo tundu moja ni mlango.

Matumizi mengine ya kila siku nitapita haraka. Siku ya kwanza usiilalie moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, itandaze kivulini siku nzima, bila hivyo unaweza kuwashwa uso na macho, na hiyo ni ile dawa ya pareto sio ya pili, inapita yenyewe. Kufua tumia maji ya kawaida na sabuni ya kipande, jiki hapana kabisa, na kuanika iwe kivulini maana jua linaiua dawa. Usifue kila wiki, viwango vinadai dawa ihimili kufuliwa mara 20, kwa hiyo kila ukifua unakula akiba. Joto lipo, sitadanganya, hasa miezi ya kabla ya mvua za vuli neti inaleta fukuto, mimi nilihamisha kitanda kikaangalie dirisha ikawa afadhali. Ya mstatili ni nzuri kuliko ya duara kwa watoto wanaolala wakijigeuza geuza, kwa sababu mkono ukigusa kitambaa usiku kucha mbu anakuuma hapo hapo akiwa nje.

Mbu wa kelele, kuleksi, usitegemee wataisha. Kunguni nao, wengi tulizipenda neti za zamani kwa sababu zilimaliza kunguni, siku hizi kunguni nao wamekuwa sugu kwa pairethroidi na watu wanaona neti imekuwa bure, lakini kunguni hawaambukizi malaria tusichanganye. Na kitu ambacho neti haiwezi ni mbu wa saa moja jioni ukiwa nje unaota moto au unaosha vyombo. Funestus wengi wanauma usiku mnene watu wakiwa wamelala na hapo neti inawapata, ila wanaouma jioni nje wanahitaji kitu kingine. Ukiwa mjini kuna la kuangalia pia, Anopheles stephensi mbu wa kutoka Asia ameshaonekana Djibouti tangu 2012, Ethiopia 2016, na Kenya kule Marsabit alikutwa mwishoni mwa 2022, huyu anazaliana kwenye matenki na madumu ya maji ya majumbani, kwa hiyo ile kauli ya malaria ni ya shamba haitatufikisha mbali. Funika tenki.

Yanayokuja yananipa moyo. Kule Kwale pwani ya Kenya walitoa ivermectin, ile dawa ya usubi na minyoo, mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, damu ya aliyemeza inamdhuru mbu anayeinyonya, na maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15 yakapungua kwa asilimia 26, matokeo yametoka 2025 na hiyo ilikuwa ni juu ya neti walizokuwa nazo tayari, sio badala yake. Harvard nao mwaka huo huo wameonyesha kemikali za kuwekwa kwenye plastiki ya neti ambazo hazimuui mbu, zinaua vijidudu vya malaria ndani ya mbu anapotua, hata akiwa sugu. Hiyo bado ni ya maabara. Nikifikiria mbu anaondoka kwenye neti yangu yuko hai na kapona malaria nashindwa hata kulala, ila tusubiri ifike vijijini kwanza.

Bei. Kwa anayenunua kwa wingi, kipindi cha utafiti wa Misungwi ya klorfenapiri ilikuwa karibu dola 3 na ya kawaida karibu dola 2, na walipopiga hesabu ya wagonjwa waliookolewa ya dola 3 ikaonekana inalipa zaidi. Kwetu sisi mjamzito anapewa kliniki hudhurio la kwanza na mtoto anapewa akienda chanjo ya surua ya miezi 9, hiyo usiiache, idai. Ukinunua dukani fungua macho, kuna duka niliuziwa neti nzuri ya rangi na maua nikaambiwa ina dawa, kumbe lebo haikuwa na jina la dawa hata moja. Neti ya kweli ina lebo imeshonwa kwenye kitambaa, inataja kiambato na kipimo, tafuta neno chlorfenapyr limeandikwa pale. Likiwa ni jina moja tu linaloishia na -thrin hiyo ni ya dawa moja. Na chumba kimoja usichanganye neti ya PBO na ya klorfenapiri, maana PBO inavifunga vile vimeng'enya ambavyo klorfenapiri inavitegemea ili igeuke sumu, mbu akianza kugusa hii kisha akaenda kugusa ile unakuwa umempunguzia dozi.

Ile moja niliyoyapa maelekezo inatokana na hili: tulipanga foleni, tukasaini, tukakabidhiwa mfuko, tukaambiwa "mkalale kwenye neti", basi. Hakuna aliyesema dawa hii inaua taratibu. Ndugu zangu mnaogawa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa zamu siku ya neti shuleni, naombeni muongeze maneno machache tu, mwambieni mama kwamba mbu atamuona akiruka na kuondoka, na kwamba atakufa kesho au kesho kutwa, mwambieni kabla hajafika nyumbani akaona mwenyewe akakata tamaa. Na kwenye mfuko liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya ile picha ya kitanda.